Manowari Iliyozama Kwenye Mchanga

Bahari niliiona nikiwa na mvi tayari, lakini habari za vita vyake nilizitangaza nikiwa kijana wa ndevu tatu, kwenye baraza ya boma la Dodoma, mbele ya Wagogo ambao hawakuwahi kuona maji mengi kuliko ya lambo. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wamenifanya mkalimani. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: bwana anasema, nami nasema, na makosa yote ni yangu.

Siku moja, vita vikiwa bado vichanga, bwana mkubwa wa boma alitoka na karatasi mkononi, uso umemkunjuka kama mtu aliyeletewa pombe ya bure. Manowari yao, alisema, imeingia bandarini asubuhi na mapema, ikaikuta manowari ya Waingereza imetia nanga inatengenezwa, ikaipiga mizinga mpaka ikazama. Nikatafsiri. Kwa Kigogo sikuwa na neno la manowari, kwa hiyo nikasema ni nyumba ya chuma inayotembea majini na kupiga bunduki kubwa. Wazee wakasikiliza kwa adabu zote. Kisha mmoja akauliza wameteka ng'ombe wangapi.

Kwetu hilo ndilo lilikuwa swali la vita. Mtu huenda vitani akarudi na ng'ombe, au hurudi bila ng'ombe na watu hawamuulizi sana. Nilipowaambia kwamba hakikutekwa kitu, kwamba mali yote ya adui imezama pamoja na wenyewe, walitazamana kwa huruma. Mzee yule akasema basi pande zote mbili zimeshindwa. Bwana akaniuliza anasemaje, nikamwambia anatoa pongezi. Siku ya pili yake askari wakapita vijijini kukusanya ng'ombe wa kusherehekea ushindi, na hapo wazee wakaelewa ng'ombe wa vita hivi wanatekwa wapi.

Ushindi uliendelea. Manowari ilikwenda kujificha kwenye mikoko ya Rufiji, karatasi ikasema imewategea Waingereza mtego. Waingereza wakaziba midomo ya mto kwa miezi, karatasi ikasema wanaogopa. Mwishowe wakaleta ndege za kuchungulia kutoka juu na meli zinazoelea kwenye maji haba, wakaipiga vibaya, na mabaharia wenyewe wakailipua isije ikatekwa. Karatasi ikasema manowari imemaliza kazi yake ya baharini na sasa itapigana nchi kavu. Hilo nalo nililitafsiri bila kupepesa macho. Na kwa kuwa kila ushindi uliliwa na nyama, zizi la mama mkubwa, dada yake mama yangu, likabaki na maksai mmoja.

Mama mkubwa alikuwa mjane wa kijiji cha Mkonze, hana mtoto aliyebaki. Maksai wake alikuwa mweupe mwenye baka jeusi shavuni. Alifiwa na mama yake siku aliyozaliwa, naye mama mkubwa akamlea kwa maziwa ya kibuyu na kumlaza ndani ya tembe. Kwa hiyo hakumfuata mchungaji yeyote ila yeye, na alimfuata kwa nyimbo mbili: mmoja wa kwenda malishoni, mwingine wa kurudi nyumbani. Watu walimcheka kwamba ameolewa tena. Mimi nilicheka pia, mpaka askari walipokuja kumchukua maksai yule.

Walimhitaji kwa sababu mzinga mmoja uliookolewa kwenye ile manowari ulikuwa umeshushwa stesheni ya Dodoma, umewekewa magurudumu, ukiwa na mabaharia kumi na luteni wao. Sijapata kuona watu waliokumbuka kwao kama wale. Mbele ya mzinga waliita omo na nyuma tezi, kana kwamba bado unaelea. Waligonga kengele kila nusu saa kuambiana zamu. Na kila asubuhi waliusugua mzinga kwa madebe mawili ya maji, huku akina mama wakifukua mchanga wa korongo tangu alfajiri wapate kibuyu kimoja.

Adui alikuwa anakuja kutoka kaskazini, kwa hiyo mzinga ulitakiwa ufike kwenye kilima upande wa Msalato. Ng'ombe wanane wakafungwa nira. Ng'ombe wa kwetu hawakuijua nira. Walikuwa wa maziwa, wa mahari, na wa kutazamwa jioni moyo ukatulia. Luteni alijaribu filimbi, akajaribu kiboko. Ng'ombe wakalala chini. Mama mkubwa, aliyekuwa amemfuata maksai wake kwa miguu kutoka Mkonze, akaniita kando. Alitaka nimuulize mzungu: akiwaongoza mpaka kilimani, atarudishiwa wake? Luteni akaapa kwa heshima ya mabaharia wote wa Kaizari. Nikamtafsiria kiapo.

Basi akatangulia mbele, akauanza wimbo wa malishoni. Maksai akainuka, wenzake saba wakainuka naye, na mzinga ukaondoka. Sijaona tena manowari iliyoongozwa na nahodha aliyevaa ngozi na shanga, miguu peku. Mabaharia walimpigia saluti, nusu kwa mzaha.

Tulipokaribia korongo, luteni alimwita mpishi wake, nami nikasikia. Wakifika kilimani wachinjwe wote wanane, watu hawajala nyama siku nyingi, na aanze na yule mweupe aliyenona. Miaka miwili nilikuwa nimewapelekea watu wangu kila uongo uliowekwa kinywani mwangu, na nilijitetea kwamba hauanzi na mimi. Lakini kiapo kile mama mkubwa alikiamini kwa sababu alikisikia kwa sauti yangu. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani. Nikamsogelea, nikasema kwa Kigogo, kwa ukali wa mtu anayepitisha amri:

"Mama, wakifika wanamchinja."

Hakugeuka. "Mwambie nimesikia," alisema.

Kisha akabadili wimbo.

Maksai alisimamisha masikio, akageuza kichwa kuelekea Mkonze, akakaza mwendo. Saba wakamfuata, na mzinga ukawafuata wao. Luteni akaja mbio, akaniuliza yule mwanamke anaimba nini.

"Anamsifu Kaizari," nikasema.

Uso ukamlainika. Akaagiza mtu yeyote asimkatize.

Wakateremka korongoni, palepale akina mama walipochimba visima vyao. Gurudumu moja likaingia kisima hiki, la pili likaingia kile, mti wa nira ukakatika, na mzinga ukazama taratibu mpaka ikabaki ncha ikitazama mawingu yasiyo na mvua. Mabaharia walivua kofia. Naapa walivua kofia. Manowari ile ilizama mara ya pili, safari hii kwenye mto usio na maji, na barazani haikusomwa karatasi yoyote. Ng'ombe walitawanyika vichakani, kila mmoja akatafuta njia ya kwao, na mama mkubwa akatokomea na wake.

Nilipigwa viboko ishirini na tano kwa kosa la kutojua njia. Nililia sana, sioni sababu ya kuficha. Lakini katika kazi yangu yote ya boma, tafsiri ile ndiyo pekee ninayojivunia. Mzinga waliufukua kwa siku mbili, wakaupakia kwenye treni ya kwenda magharibi, na pale Dodoma ulikuwa haujampiga hata kunguru.

Waingereza walipoingia, nao walitangaza ushindi, nao walitaka ng'ombe. Mama mkubwa alimficha maksai wake vichakani mpaka walipochoka kutafuta. Baadaye mvua zilikataa, ikaja njaa iliyotumalizia koo nzima, na siku ikafika akashika kisu mwenyewe. Waliokuwapo waliniambia alimwimbia kwanza ule wimbo wa kurudi nyumbani, na maksai akaja. Nyama akaigawa kwa majirani, hata kwa wale waliomcheka. Mimi aliniletea fungu langu kwa mkono wake, limefungwa kwenye majani. Ulikuwa ulimi mzima. Aliniambia ulimi ndio uliompa maksai wake ule mwaka mmoja zaidi, kwa hiyo niule mimi, nisimgawie mtu. Nilikaa nao mapajani muda mrefu kabla ya kuwasha moto.