Dakika Kumi za Mkuu wa Kituo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha simu cha Kakamega mjini, niligombezwa kabla sijaketi. Mkuu wa Kituo alinionyesha kompyuta moja, modemu moja na waya mmoja wa simu, akaniambia hiyo ndiyo bodi, ubao wa mafundi wa kuachiana ujumbe. Mafundi wa Mumias na Lugari walikuwa wakiipigia kwa kompyuta zao. Modemu, kisanduku kinachogeuza maandishi kuwa mlio upite kwenye waya, iliwapokea, nao wakasoma ujumbe na kuacha wao. Picha hakuna, herufi za kijani tu kwenye skrini nyeusi.

"Laini ni moja, Nafula," alisema. "Hapa tunaingianga mmoja mmoja. Dakika kumi, unaandika umemaliza, unatoka. Wengine wanangoja."

Nilikaa kumi na nne. Aling'oa waya.

Baadaye nilipelekwa Mumias, kisha Lugari, nikabadilishiwa wasimamizi mpaka nikachoka kuwahesabu. Lakini kila asubuhi nilikuta ujumbe wa Mkuu kwenye bodi, nikamjibu. Mpaka yeye atoke ndipo mimi niingie, kwa hiyo miaka yote hiyo hatukukutana humo hata mara moja. Kazi niliipenda mno, na sioni haya kusema kwamba nusu ya raha yake ilikuwa kusoma ukali wa mzee huyo.

Tulistaafu. Yeye alirudi kwake Ekero, na uzee ukamnyang'anya masikio. Nikimpigia simu, anakata.

"Mama, siku hizi hatakangi kuongea na mtu," bintiye aliniambia. "Hata meseji anasema hazina utaratibu. Anakaanga tu kitini peke yake."

Hilo liliniuma. Mtu aliyewaunganisha watu wa mkoa mzima, leo hana wa kuzungumza naye!

Nikaitoa stoo ile kompyuta kuukuu, niliyopewa bodi ilipofungwa. Fundi mmoja wa Sigalagala akaihamishia bodi yote kwenye intaneti, mtu aweze kuingia kwa simu ya mkononi, herufi zikiwa zile zile za kijani. Bintiye akamwekea mzee kwenye simu yake. Mimi nikakaa na yangu mkononi, chai ikipoa, nikiogopa atakataa.

MKUU WA KITUO AMEINGIA.

Akaandika habari za mahindi, za goti lake, na kwamba katika ujumbe wangu wa mwisho kazini nilikosea namba ya nguzo ya simu. Nilicheka mpaka machozi. Dakika ya kumi ilipotimia, akaandika: "Nimemaliza. Natoka, Nafula, ndio na wewe uingie."

Ninyi vijana simu zenu zinawapokea watu wote kwa pamoja, na hamuoni ajabu. Mimi nikamwandikia:

"Mkuu, nimo ndani tangu uingie. Siku hizi tunaingianga wote."

Nilidhani atang'oa waya.

"Kumbe uko hapa," akaandika. "Basi keti."

Tulikaa humo mpaka simu yake ikaisha chaji.