Maji ya Papa Kwenye Kunde

Bi Tumu wa Malindi alikuwa mjane. Kazi yake kutia papa chumvi na kuuza, na starehe yake kunde alizopanda nyuma ya nyumba. Alizimwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni, akizisemesha kama watoto. Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa, watu wakala sima ya mahindi ya manjano ya msaada, na majani ya kunde zile yakawa mboga ya nyumba mbili: yake, na ya Idah, mtu wa bara aliyepanga chumba cha uani pamoja na mwanawe mdogo, Joram.

Siku moja Idah alisimama kando ya tuta, mikono kiunoni.

"Bi Tumu, kunde zako zimenona! Hata kwetu sijaona kama hizi."

Hakusema mashaallah. Hakujua kwamba husemwa ili kukinga jicho. Jirani yao Shekha, aliyekuwa amekaa pale akisuka ukili wa mkeka, akamtazama Tumu, akaguna.

Jioni ile Tumu aliosha pipa la papa. Jaa la taka lilikuwa mbali na mgongo ulimuuma, basi akamwaga maji yale ya chumvi papo hapo, tutani, akijiambia mchanga utayanywa. Ukayanywa kweli. Haukupita muda, majani yakaungua kingo, yakajikunja, mikunde ikalala chini pamoja na maua yake.

"Si umeona?" akasema Shekha. "Jicho hilo, shoga. La mpangaji wako."

Tumu aliiona chumvi imeganda nyeupe juu ya mchanga. Akaifukia kwa wayo wake.

"Huenda," akasema.

Basi neno hilo likaenea. Wanawake wakawa wanawafunika watoto wao Idah akipita, na kisimani wanamwachia nafasi kubwa mno. Mboga hakuna tena. Tumu akamwona Joram mlangoni akichovya sima kwenye chumvi, na tonge lake mwenyewe akalirudisha sahanini.

Kesho yake akasema kisimani, mbele ya wote: "Hapana jicho. Ni mimi niliyemwaga maji ya papa."

Shekha akacheka. "Bi Tumu ana huruma, maskini! Ataka kumsitiri mpangaji wake."

"Wallahi ni mimi!"

"Haya, ni wewe," wakamjibu, kama anavyojibiwa mtoto.

Mvua iliporudi Tumu akalima tuta jingine, mbali na lile. Kunde zikaota. Idah akapita na ndoo kichwani, uso kaugeuzia ukutani.

"Mama Joram, njoo uzitazame."

"Hapana, Bi Tumu."

"Ni mimi niliyeziua zile. Nisamehe."

"Nilisikia kisimani. Nimekusamehe." Idah hakugeuka. "Lakini hizi nazo zikikauka, mimi na mtoto tutakwenda wapi?"

Akaingia chumbani kwake. Tumu akabaki na kopo la maji mkononi, akiogopa hata kumwagilia.