Mwaka Susu Alipotuhesabu

Sogeeni, wajukuu zangu, na nyinyi wakubwa mliosimama mlangoni pia. Mwenye redio aizime. Nataka kimya, maana hii sijawahi kuisema yote.

Nilipokuwa mtoto, kwetu upande wa Kwa Vonza, watoto hawakuhesabiwa. Mbuzi ulimjua kwa rangi yake, na mtoto kwa jina lake. Mgeni akimuuliza mama ana watoto wangapi, mama alijibu, "Si hawa unaowaona?" Kutaja idadi kulikuwa kama kukionyesha kifo mlango. Nyinyi mliosoma mnacheka. Sisi hatukucheka.

Miaka ya sabini ilikuwa inakwisha surua ilipoingia kijijini. Syombua, jirani yetu wa chini, alizika wawili katika wiki moja, na hakuwa na wengine. Kwetu kulikuwa na Kyalo, ndugu yangu wa mwisho, hata kutembea bado. Daktari wa chanjo alipopita mara ya kwanza, Kyalo alikuwa mchanga mno kudungwa. Sasa daktari alikuwa anarudi sokoni Alhamisi, na Jumanne asubuhi mama alikuwa hajaamua.

Baba alikuwa Emali kwa kazi ya reli, kwa hiyo neno lilikuwa la ndugu yake, baba mdogo Ngumbau. Alikuja akakaa kwenye kigoda bila hata kutusalimia.

"Mama Nduku," akamwita mama kwa jina langu, "mimi nimepiga hesabu. Walioshikwa na surua ni tisa. Waliodungwa watano, wasiodungwa wanne. Sasa niambie, hiyo sindano inazuia ama inaita?"

Wagonjwa waliruhusiwa kuhesabiwa, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshawaona. Wazima ndio hawakuguswa. Nilimwona mama akimkaza Kyalo kifuani, nikajua sokoni hatuendi.

Susu, ndiye nyanya yangu mzaa baba, alikuwa akisokota katani pajani. Hakuinua macho.

"Watano kati ya wangapi?"

"Kati ya hao tisa, mwaitu," akamjibu mama yake.

"Hao tisa nimesikia. Nauliza waliodungwa wote. Wale wengine wako wapi?"

"Si wako kwao, wazima."

"Basi hujahesabu, mwanangu. Umechungulia tu."

Baba mdogo akasimama. "Unataka nihesabu watoto wazima wa watu? Mwaitu, unataka tuzike kijiji kizima?"

"Wewe kaa. Nitahesabu mimi."

Akachukua kibuyu kitupu, na mimi nikabeba mifuko miwili midogo, mmoja wa mbaazi, mwingine wa kunde. Tulipita nyumba kwa nyumba juani. Kila mama atie mbaazi moja kwa kila mtoto aliyedungwa, kunde moja kwa kila asiyedungwa, wagonjwa na wazima, na mtu asitamke idadi. Wengine walituona kwa mbali wakaingia ndani. Mwikali, mama wa mdomo, alitusimamisha kwenye boma.

"Susu, watoto wangu si mazao ya kuvunwa!"

"Laana iwe juu yangu," Susu akamwambia. "Mimi ni mzee. Kifo kikinitafuta hakitapotea njia."

Mwikali akacheka bila kutaka. Akatia, halafu akatufuata nyuma kuwaambia na waliojificha watoke.

Kwa Syombua tulimkuta amekaa kwenye majivu ya jiko lililozimika. Siku ile ya chanjo ya kwanza aliwaficha watoto wake ghalani. Susu alitaka tumpite. Lakini Syombua alinyoosha mkono, akachagua kunde mbili, akazitazama.

Nikaropoka, "Hata hao?"

"Walikuwa watoto pia," akasema. Akazitia.

Jioni, jua likiwa bado liko, Susu alimwaga kibuyu kwenye ungo mbele ya baba mdogo. Mbaazi zilikuwa rundo. Kunde zingetosha kiganja changu. Kutoka kwenye mbaazi akatoa tano za wagonjwa. Rundo likabaki vilevile, hata hungejua limeguswa. Kisha akatoa kunde nne. Zikabaki mbili. Moja ilikuwa ya mtoto wa Mbithe, ng'ambo ya mto. Nyingine mama aliitia mwenyewe.

Mama aliitazama ile kunde kama anatazamwa nayo.

"Lakini wa Mwikali alidungwa na bado akaugua," baba mdogo akasema, sauti imeshuka.

"Na sasa yuko wapi?"

"Anachunga mbuzi."

Susu hakuuliza wa Syombua wako wapi.

Alhamisi mama alimbeba Kyalo mgongoni hadi sokoni, akadungwa. Siku ya saba akashikwa na joto. Daktari alikuwa ametuonya kwamba huenda likaja, lakini onyo halimpozi mtoto. Mama alimchungulia nyuma ya masikio akitafuta vipele, akamfunika, akamchungulia tena. Baba mdogo alikaa nje siku mbili nzima, hakusema, "Niliwaambia." Siku ya tatu joto likashuka, Kyalo akalilia ziwa.

Kabla mvua hazijaisha, Susu akafa. Aliamka akiwa mzima, adhuhuri hayupo. Mnajua watu walisema nini. Mimi pia nilisema hivyo moyoni, miaka mingi. Leo nimempita umri, na bado sijui kama aliamini kuna malipo akakubali kulipa, ama alijua hakuna malipo akatupa neno lile ili akina mama wapate mahali pa kuweka woga wao. Kwa njia yoyote ilihitaji moyo, na Kyalo ana mvi sasa.

Shamba la kando ya mto lilimwendea mama. Mbuzi wakawa wa baba mdogo, isipokuwa mmoja mwenye mimba, ambaye Susu alikuwa amesema apewe Syombua. Syombua hakuwa damu yetu, na wazee wakaanza kunung'unika. Baba mdogo Ngumbau alimfunga yule mbuzi kamba, akateremka naye mwenyewe hadi kwa Syombua.