Taa za Breki za Gari la Maharusi

Mtaani walimwita Fyuzi. Alikuwa fundi umeme wa magari, lakini jina lilimganda kwa sababu ujanani alikuwa mwepesi wa kuungua. Mtu mmoja tu aliweza kumtuliza, naye ni kaka yake mkubwa, aliyemlea tangu baba yao alipofariki na kumsomesha ufundi kwa kazi ya kubeba maharusi.

Gari la kazi hiyo lilikuwa la kizamani, jeupe, pua ndefu, usukani wa kulia mwembamba kama bangili. Kaka alilitunza kama mboni ya jicho. Hata mkewe, shemeji yake Fyuzi, aliwahi kulalamika kwamba yeye hajawahi kufutwa vumbi kwa upole ule.

Kisha kaka akapigwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukalala. Hospitalini, ulimi ukiwa bado mzito, aliwachekesha wauguzi: "Nimebeba maharusi miaka thelathini, leo kiharusi kimenibeba mimi." Fyuzi alicheka nao, halafu akatoka nje akijifanya anatafuta maji ya kunywa.

Miezi minane ikapita na mguu haukurudi. Shemeji alipata mnunuzi, mwalimu mstaafu mpenda magari ya zamani, lakini kaka hakutaka kusikia. Angepona, angeliendesha mwenyewe. Neno la kuuza likitajwa, alifumba macho kama aliyelala. Alichokubali ni kimoja tu, kwamba taa za breki, zilizokufa kabla hajaugua, zitengenezwe. Mwalimu naye alikuwa ametaka hivyo hivyo. Basi Jumapili asubuhi Fyuzi akaja na mkoba wake wa vifaa, huku akijua kwamba shemeji anatengeneza ili auze, na kaka anatengeneza ili aendeshe.

Swichi ya zamani iliwashwa na msukumo wa mafuta ya breki ndani ya bomba. Ya aina hiyo aliikosa maduka yote ya vipuri, kwa hiyo alileta ile yenye kichwa kidogo kinachobonyezwa na mkono wa pedali. Pedali ikiwa juu, kichwa kimebonyea na taa zimezima. Pedali ikishuka, kichwa kinachomoza na taa zinawaka. Kishikio chake, hata hivyo, kilitengenezwa kwa magari ya usukani wa kushoto, na hapa kiligongana na nguzo ya usukani. Akakata kipande cha chuma bapa, akakipinda, akakitoboa, akajilaza chini ya dashibodi miguu ikiwa nje ya mlango. Alikaza nati mbili, akaunga waya, akajaribu fyuzi. Ilibaki mtu wa kukanyaga breki na mtu wa kutazama nyuma.

"Wa kukanyaga ni mimi," alisema kaka kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

Fyuzi na shemeji walimbeba wakamketisha kwenye usukani. Kaka aliunyanyua mguu wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya pedali. Shemeji akaenda nyuma ya gari, na Fyuzi akachuchumaa mlangoni.

"Kanyaga, kaka."

"Nimekanyaga."

Shemeji akasema bado. Fyuzi akaisogeza swichi kidogo, akaomba tena, na kaka akasema tena amekanyaga. Bado. Ndipo Fyuzi alipotazama vizuri. Kandambili ilikuwa imelala juu ya pedali kama nguo iliyoanikwa, na pedali haikuwa imeshuka hata unywele mmoja. Juu, kaka alikuwa anatiririka jasho, mishipa ya shingo imemtoka, anasukuma kwa mwili mzima.

Fyuzi alipenyeza mkono chini, akaishindilia pedali kwa kiganja.

"Zimewaka," akasema shemeji. "Zote mbili."

"Umeona, kaka? Umekanyaga sawasawa."

Kaka akainamisha kichwa. Macho yake yalitoka kwenye kandambili, yakaenda kwenye mkono wa mdogo wake, yakatulia hapo. Fyuzi hakuuondoa, hakujua auondoe vipi. Nyuma, shemeji aliuliza kama aendelee kutazama.

"Mwambieni mwalimu aje," kaka akasema.

Mwalimu alikuja Alhamisi. Fyuzi ndiye aliyemkabidhi funguo na kumweleza jinsi injini inavyopenda kubembelezwa kukiwa na baridi. Kaka alibaki chumbani. Gari lilipowashwa uani, Fyuzi alikuwa amesharudi ndani na beseni la maji ya uvuguvugu, anamnyoa ndevu. Wote wawili walisikia lilivyotoka getini na kupotea. Fyuzi alingoja kidogo, kisha akamgeuza uso taratibu, akaanza shavu la pili.