Penye Mkato, Vuta Pumzi

Mkojo! Madamu Wivine usimwambie habari ya harufu nyingine yoyote. Anafundisha darasa la nane katika shule moja ya Majengo, na dirisha lake linatazama ukuta wa barabarani, ambapo kila dereva wa pikipiki aliyebanwa huja kujisaidia mchana kweupe, bila haya, akipiga mluzi. Kinyaa gani hiki! Siku moja Wivine alitia mkate mdomoni pale darasani, akautema.

Mwezi ule alikuwa akifundisha mkato, ile virgule ambayo watoto huimwaga ovyo kama chumvi. Kanuni yake ya kwanza: penye mkato, simama, vuta pumzi. Watoto wakagoma. Dorine, msomaji hodari kuliko wote, alijaza kifua kule mlangoni, mbali na dirisha, kisha akasoma kifungu kizima mbio mbio mpaka nukta, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mkato umeuona?"

"Nimeuona, Madamu."

"Mbona hukupumua?"

"Madamu, nipumue nini?"

Darasa likaangua kicheko. Wivine hakucheka. Ijumaa inspekta angekuja kuwasikiliza wakisoma, na Prefe Adalbert, mkuu wa shule, alikwisha kusema: wakiboronga, darasa la nane atapewa mutu mwingine.

Na aliyeleta balaa ni Prefe huyo huyo! Wivine alimwomba aandikishe onyo ukutani, akampa na maneno yake: KUKOJOA HAPA HAPANA, ADHABU KALI. Maneno hayakuenea mstari mmoja. Prefe akamwambia mchoraji ayagawe, na mkato auhamishie mwisho wa mstari wa kwanza, upendeze. Ukuta ukatoka hivi:

KUKOJOA HAPA,
HAPANA ADHABU KALI

Wivine aliusoma mara mbili. Akakimbilia ofisini.

"Papa Prefe, tumewaruhusu! Mkato haukukaa pake."

"Madamu, unapenda kujisumbua. Ni kamukato kadogo tu. Nani atakaangalia?"

Walikaangalia wote. Madereva waliokuja mmoja mmoja jana, leo walikuja watatu watatu, kifua mbele. Mmoja, Wivine alipomfokea kutoka dirishani, hata zipu hakufunga.

"Mama, shule yenyewe imeandika. Mimi najua kusoma."

Mshenzi! Na kibaya zaidi, alikuwa amesoma sawasawa.

Ijumaa Mama Inspekta aliketi nyuma, kitambaa puani, Prefe pembeni yake. Dorine akasoma bila kituo hata kimoja, akamaliza uso umemvimba.

"Mutoto, mkato unatuambia nini?" inspekta akauliza.

"Tuvute pumzi, Mama."

"Na mbona huvuti?"

Dorine akanyoosha kidole dirishani. Prefe akadakia haraka: "Si nilikwambia, Mama Inspekta? Huyu mwalimu ameshindwa kabisa."

Ndipo Wivine alipochoka na heshima. "Mama, tutoke nje kidogo."

Wakatoka mpaka ukutani, darasa zima likajazana dirishani.

"Papa Prefe atusomee," Wivine akasema. "Na penye mkato, avute pumzi. Ya kujaa kifua."

Prefe akamtazama inspekta. Inspekta amekunja mikono, anangoja.

"Kukojoa hapa," Prefe akasoma, akavuta.

Macho yakamtoka. Akayumba, akaegemea ukuta, ukuta wenyewe umelowa, akautoa mkono, akautazama, akatapika juu ya viatu vyake vilivyong'arishwa. Haki yake! Nyuma yao dereva mmoja wa pikipiki alikuwa tayari ameshika mkanda wa suruali.

"Malizia basi, Papa," akasema. "Hapana adhabu kali."

Inspekta akamgeukia Prefe. "Madamu anabaki na darasa lake. Wewe, tafuta ndoo, na rangi. Mkato urudi pake kabla sijaondoka." Prefe akasugua ukuta kwa mikono yake mwenyewe, koti limetundikwa dirishani kwa Wivine, na watoto hawakutaka kwenda nyumbani.

Jumatatu Dorine akasimama kusoma. Akafika penye mkato wa kwanza, akanyamaza. Pua ikamcheza. Wivine naye akabana pumzi, vidole vimekamata meza. Dorine akavuta hewa polepole, mabega yakapanda.

"Inanuka rangi, Madamu," akasema, akaendelea kusoma mpaka mkato wa pili.