Sroka Aliyeuzwa kwa Mkono Mtupu

Zenon Hyra aliuza farasi ambaye hakuwa wake. Alimuuza wakati mkewe, Leokadia, amelazwa hospitalini na mshono tumboni. Alimpakia kwenye lori, akatia sahihi karatasi za chuo cha bondeni kilichomnunua, kisha akahamia mjini Gorlice kwa mjane mwenye duka la mikate. Farasi mwenyewe alikuwa jike la mabaka meusi na meupe, jina lake Sroka. Mama mzazi wa Leokadia ndiye aliyempa bintiye farasi huyo angali mtoto asiye na mama, na Leokadia akamlea kwa maziwa ya ng'ombe, jikoni, karibu na jiko la kuni, mpaka miguu yake ikapata nguvu. Kijiji kizima cha Zagórki kilijua Sroka ni wa nani. Zenon naye alijua.

Leokadia aliporudi kutoka hospitali, alikwenda zizini kabla ya kuvua koti, kipande cha mkate mkononi. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno. Alikuta samadi imekauka sakafuni na ndoo imepinduliwa.

Akangoja kidonda kifunge. Theluji ilipoanza kuyeyuka na mashamba kudai plau, alichukua kamba, akateremka bondeni kwa miguu kwenda chuoni kumchukua farasi wake. Hakwenda kuomba. Alikuwa amevuka hamsini, shule aliiacha ilipofika zamu yake ya kuchunga, na alikuwa amechoka kuomba.

Pale chuoni walisomeshwa vijana wa kuwapandisha farasi watoto wagonjwa, ili mwendo wa mnyama uwatibu. Zagórki walikifanyia chuo hicho mzaha. Miaka mitatu, walisema, mtu anajifunza kutembea kando ya farasi. Sisi tumetembea hivyo tangu tuzaliwe na hakuna aliyetupa cheti. Leokadia naye alikuwa ameucheka mzaha huo wakati wake.

Langoni alimkuta msichana anasukuma toroli la samadi, nywele amezifunga kwa kitambaa, buti zimejaa tope mpaka juu.

"Shikamoo, mama. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta Sroka."

"Sroka yuko kazini."

"Kazini," Leokadia alisema. "Kumbe ameajiriwa. Na likizo wanampa?"

Msichana akacheka. "Anapumzika Jumamosi na Jumapili, mama. Sisi ndio hatupumziki."

"Basi mwambie anaacha kazi leo. Mwenyewe nimekuja."

Ndipo msichana alipoiona kamba. Kicheko kikamkauka. Aliweka toroli chini akaenda kumwita mwalimu wake, mwanamke mrefu aitwaye Ludmila, aliyevaa koti kuukuu la kiume na kofia ya sufu. Mwalimu Ludmila alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Mumeo alisema umemchoka," alisema hatimaye.

"Niliyemchoka ni yeye. Farasi sijamchoka."

Msichana wa toroli, Kinga, aligeuka upande ili asicheke. Mwalimu Ludmila hakucheka.

"Mama, sitakufungia lango," alisema. "Lakini mtoto anayempanda amekwisha kufika. Ngoja tumalize somo lake, kisha tuzungumze. Ingia ndani, huku kuna baridi."

Leokadia aliingia. Aliingia kwa sababu alitaka kuona walichomfanya mnyama wake. Alitazamia kuona mbavu na alama za fimbo.

Ulikuwa ukumbi mkubwa wa mbao, sakafu ya mchanga. Sroka alisimama katikati, amepigwa brashi hadi anang'aa, hana tandiko mgongoni, ana blanketi tu lililokazwa kwa mkanda mpana. Alipomwona Leokadia alisimamisha masikio, akalia ule mlio wake wa chinichini wa asubuhi. Leokadia alishika ubao wa ukuta kwa mikono miwili. Mwalimu alikuwa amemsihi asisogee, maana farasi angemfuata.

Pembeni yake alisimama mwanamume kijana ameshika koti dogo jekundu na skafu.

"Wewe ni bibi wa mtoto gani?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Wa farasi," Leokadia alijibu.

Mwanamume alitabasamu, akadhani ni utani. "Basi Mungu akuweke. Wa kwangu ni yule, Marcelina. Wako farasi wengine wanne hapa, tumewajaribu wote. Hatua zao ndefu, wanamtikisa, misuli inazidi kukaza. Huyu tu ndiye anayemfaa. Usiku ule anaopanda, analala. Nasi tunalala."

Kamba ilikuwa begani mwa Leokadia, na ghafla aliona haya nayo, kisha akakasirika kwa kuona haya juu ya haki yake.

Marcelina alikuwa na umri wa kuanza shule, lakini alibebwa kama mtoto mchanga. Miguu yake ilipandana magotini kama mkasi uliofungwa, na ngumi zake zilibana kifuani. Kinga, ambaye sasa alikuwa amenawa na kuvua buti za tope, alimpokea kutoka kwa mwalimu, akamlaza kifudifudi juu ya mgongo wa Sroka, shavu lake kwenye manyoya. Siku hiyo Kinga alikuwa anatahiniwa. Mwalimu alisimama hatua chache nyuma, mikono mifukoni.

"Usimnyooshe," alisema. "Mwache farasi amnyooshe."

Mwanafunzi mwingine aliongoza Sroka kwa mbele. Walianza kutembea polepole sana. Hakuna kilichotokea. Kwato ziliingia mchangani na kutoka. Leokadia alimjua farasi huyo kwa plau, kwa magogo, kwa sleji za kukokota kuni juu ya theluji. Hakuwahi kumwona akitembea namna ile, kana kwamba amebeba maji kwenye bakuli pana na hataki tone limwagike.

Kisha goti moja la mtoto likashuka. Halikushushwa na mtu. Joto la mnyama lilikuwa limepenya, na goti likateleza upande mmoja wa mgongo, na baada ya mzunguko mwingine, la pili likateleza upande wa pili. Mkasi ukafunguka. Kinga alimwinua taratibu akakaa, akamwekea kiganja kiunoni.

"Mkono," mwalimu alisema.

Kinga alipunguza uzito wa kiganja.

"Mkono, Kinga."

Kinga akauondoa kabisa. Ulibaki hewani, karibu na mtoto kiasi cha kuhisi joto lake. Sasa Marcelina alikuwa amekaa peke yake, na farasi alipopita mbele ya ukuta, Leokadia akamwona kwa nyuma. Kiuno cha mtoto kilikuwa kinakwenda. Kushoto, kulia, mbele, kikipanda na kushuka, kama kiuno cha msichana anayekwenda sokoni na kikapu. Mtoto ambaye hajawahi kukanyaga ardhi alikuwa anatembea. Miguu alikuwa ameazima ya Sroka.

Leokadia alikuwa amekwenda kanisani maisha yake yote, akapiga magoti, akasikiliza habari za viwete kuinuka, na kila mara akili yake ilikuwa kwa kuku aliowaacha bila kuwafungia. Leo akili yake haikwenda kokote.

Mara Sroka akasimama. Hakuna aliyemwamuru. Aliyemwongoza alivuta kamba, lakini farasi akakataa, akabaki ameinamisha kichwa. Ndipo wote walipoona kwamba mtoto ameanza kuelemea upande, kidogo tu, kiasi ambacho hakuna aliyekigundua kabla ya farasi. Kinga alimrudisha katikati. Sroka akashusha pumzi, akaendelea mwenyewe.

"Nani alimfundisha hilo?" Leokadia alimuuliza mwalimu somo lilipokwisha.

"Nilidhani wewe."

"Mimi nilimfundisha kuvuta magogo."

Wakamtazama farasi, wote wawili, kama watu waliokaa na mgeni nyumbani miaka mingi bila kumuuliza jina.

Baba wa Marcelina aliondoka na mtoto wake amelala begani, miguu inaning'inia laini. Mwalimu akamgeukia Leokadia.

"Haya, mama. Sema."

"Zenon alikukabidhi farasi vipi?"

"Alimteremsha kwenye lori, akanipa kamba."

"Mkono kwa mkono?"

Mwalimu Ludmila alitoa mikono mifukoni, akaitazama. Alikuwa mtoto wa milima ileile.

"Kuna ubaya gani?" Kinga aliuliza. "Karatasi si zipo?"

"Huku kwetu kamba haitoki mkono mtupu kwenda mkono mtupu," mwalimu alimwambia. "Mwenye farasi anaishika kwa pindo la koti lake, nawe unaipokea kwa pindo la lako. Ndivyo farasi anavyohama na bahati yake. Vinginevyo hajauzwa, ameibwa tu. Baba yangu angenifukuza nyumbani." Alimfungua Sroka, akamleta kwa Leokadia, akampa kamba. "Hajauzwa. Mchukue. Chuo nitakijibu mimi."

Kinga alifumba macho.

Sroka alipeleka pua kwenye mfuko wa Leokadia akatafuta mkate, akaupata. Ingekuwa rahisi kama mnyama angekuwa amekonda. Leokadia alifikiria shamba la viazi, zizi lenye ndoo iliyopinduliwa, asubuhi zote atakazofungua mlango bila kulakiwa na mtu. Alilia bila sauti, akipapasa shingo yenye baka jeupe. Kisha akashika pindo la koti lake, akaishika kamba kwa hilo pindo.

"Wewe, msichana," alimwambia Kinga. "Una koti?"

"Lina tope, mama."

"Lete hilohilo la tope. Mwalimu atazeeka, wewe ndiye utakayetembea naye."

Wakapokezana pindo kwa pindo, ngozi isiguse kamba. Kinga alikuwa akilia waziwazi.

"Sasa ndiyo ametoka," Leokadia alisema. "Na aliyemtoa ni mimi. Zenon hakutoa kitu."

Alipanda mlima kurudi Zagórki, kamba aliyokuja nayo ameiacha chuoni, bega jepesi mno. Watu walipomuuliza farasi yuko wapi, aliwaambia waende wakamwone, na tangu hapo hakuucheka tena mzaha wa cheti.

Chuo kinadaiwa kitu kimoja. Sroka atakapochoka, arudishwe Zagórki afie zizini kwake, asipakiwe kwenye malori ya wachinjaji wa farasi yanayokwenda Italia. Mwalimu Ludmila na Kinga wameliahidi hilo, na Leokadia anawasubiri.

Mwenye deni kubwa ni Zenon. Mwaka ule viazi vilipandwa kwa jembe la mkono, na mshono ukamwuma Leokadia mpaka mavuno. Hamtaki arudi, wala hataki mkate wa mjane wake. Anamdai apande mlima hadi mlangoni, avue kofia, aseme kwa kinywa chake mwenyewe: Sroka alikuwa wako, nami nilijua. Gorlice si mbali, na basi lipo kila siku. Hajaja.