Uzi Mweusi wa Fumie

Tarehe 18 Juni kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri. Katika karakana moja ya mji wa Okaya, Fumie Hayashi, aliyewahi kuwa mvuta nyuzi za hariri, alisokota uzi mweusi wa vijibomba vya kaboni, mirija midogo isiyoonekana kwa macho; uzi wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele. Kama uzi huo usingebeba kikombe cha chai mbele ya mnunuzi aliyekuja kuujaribu, karakana ingefungwa.

Alikitundika kikombe kwenye uzi. Kikombe kikaanza kuzunguka. Uzi ulikuwa unajifumua.

“Kinacheza ngoma, mama,” mnunuzi alimtania.

“Cheka baadaye, baba. Sasa usipumue!”

Fumie alikitua, akaukunja uzi katikati, nusu zake mbili zikajisokota pamoja na kuzuiana zisifumuke. Akakitundika tena, akaachia mkono.

Kikombe kilitulia.

“Nitengenezee mita mia,” mnunuzi alisema kwa sauti ndogo.

Asubuhi iliyofuata Fumie alifika mapema, akaanza kuvuta nyuzi mbili kwa pamoja, azisokote ziwe uzi mmoja.